Daftari la gari likae ndani ya gari

Masika yakishapita Kilombero, gereji za hapa Kibaoni hujaa. Magari yaliyokwenda Mlimba, Lupiro na Mahenge wakati wa matope huanza kudai chao. Moja linagonga mbele, jingine linachemsha, jingine halishiki breki mpaka ukanyage mara mbili. Baba yuko gereji tangu asubuhi. Mama yuko nyumbani, anachojua ni kwamba hela ya ada imepungua.

Ugomvi wa nyumba nyingi zenye gari unaanzia hapo. Hakuna anayekataa kwamba gari lina msaada. Mtoto akipandisha homa usiku, ndilo linalomfikisha St. Francis. Shida ni kwamba matengenezo yake yote yako kichwani mwa mtu mmoja. Akiulizwa laki mbili zimekwenda wapi, anajibu, "Bushi." Na zile za mwezi juzi? "Bushi." Mke anaanza kuwaza kuwa hiyo Bushi ni mtu, na amepangishiwa chumba.

Nunueni daftari dogo la shule, likae kwenye droo ya dashibodi. Kila gari linapoguswa, andikeni tarehe, kilomita zinazosomeka, kilichofanyika, spea ni mpya au ya mtumba, bei, na jina la fundi. Aandike yeyote aliyelipeleka, asome yeyote anayetaka. Baada ya mwaka mtaona wenyewe: kama bushi zilezile zinakufa kila miezi mitatu, ama mnauziwa spea feki, ama kuna kitu kingine kinaziua na fundi hajakigusa.

Daftari la gari la bonde hili lazima liwe na ukurasa wa maji. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018 hatusubiri tena kivuko kuvuka mto Kilombero, lakini madimbwi ya barabarani hayakuhama. Gari likitembea mwendo mrefu, difu hupata joto. Likitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani ya difu husinyaa, na maji huvutwa kupitia tundu la kupumulia au sili zilizochoka. Hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi. Mtarudi nyumbani salama, halafu wiki kadhaa baadaye beringi zinaanza kulia. Kwa hiyo kila mkivuka maji yaliyozidi nusu ya gurudumu, andikeni, na mwambieni fundi afungue nati ya difu aitazame oili. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, imwagwe siku hiyohiyo. Oili ya difu ni hela ndogo ukilinganisha na difu nzima.

Likizimika katikati ya maji, msipige stata tena. Maji yakishaingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi. Walipeni vijana walisukume.

Halafu hakikisheni gari lenu ni la aina gani. Zipo RAV4 na X-Trail zilizotoka Japani ambazo zinavuta magurudumu ya mbele tu. Chungulieni uvunguni kwa nyuma. Kama hakuna difu, huo urefu wake usiwadanganye kwenye tope la Mlimba. Kama giaboksi ni ya CVT, andikeni neno hilo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada, kwa sababu inataka oili yake maalumu, na fundi mwenye haraka akiweka ile ya giaboksi ya kawaida ataiua.

Kiangazi kina vumbi. Ea klina ikung'utwe mara kwa mara, na ikichoka ibadilishwe. Wakati wa mavuno, mabua na wadudu huziba uso wa rejeta. Pajisafishwe kwa maji ya taratibu, maana presha kubwa inalaza mapezi yake. Ndani ya rejeta wekeni kulanti, si maji ya kisima, ambayo huacha ukoko kama ule wa kwenye birika.

Matairi yana tarehe zake pembeni. Tafuteni tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri lakini raba imeshazeeka na kupasukapasuka. Mimi nisingelipakiza watoto juu yake kwa bei yoyote.

Ukurasa wa mwisho uwe wa wote wanaoendesha: jeki iko wapi, spana ya magurudumu iko wapi, tairi la akiba lilijazwa upepo lini. Ufunguo wa pili ubaki nyumbani, mahali ambapo mama na kijana mkubwa wanapajua, hata kama baba amelala shamba.