Si Pesa ya Jirani Iliyokushinda

Utausikia mnadani Katesh, utausikia kwenye Noah ya kwenda Haydom, utausikia vilabuni Dongobesh: mahakamani anashinda mwenye pesa. Aliyeshindwa kesi ya shamba akirudi kijijini, majirani hawamuulizi hukumu imesemaje. Wanamuuliza mwenzake alitoa ng'ombe wangapi. Naye, ili asionekane mzembe, anataja idadi.

Nasema msemo huo ni uongo kwa sehemu kubwa, na ile sehemu yake ndogo iliyo kweli ndiyo inayoupa nafasi ya kutuangamiza. Wanyonge wengi wa Mbulu na Hanang huipoteza ardhi yao kabla shilingi haijatoka mfuko huu kuingia ule. Huipoteza kwa sababu waligonga mlango usio wao, waliacha siku zikapita, au walikwenda kuapa bila kujua wametakiwa kuthibitisha nini.

Tuanze na mlango. Jirani amesogeza mpaka, kalima hatua kumi ndani ya shamba lako. Wengi wetu hukimbilia polisi, jirani akapelekwa Mahakama ya Mwanzo kwa kosa la kuingia kwa jinai kwenye ardhi ya mtu. Tunataraji afungwe na mpaka urudi. Hauwezi kurudi kwa njia hiyo. Msimamo wa mahakama umo katika ripoti za sheria za mwaka 1992, kesi ya Sylivery Nkangaa dhidi ya Raphael Alberto: umiliki wenyewe ukiwa bado unabishaniwa, shtaka la jinai haliwezi kusimama mpaka shauri la madai limalize kwanza ubishi wa shamba ni la nani. Jirani anaachiwa, anarudi kijijini akitabasamu, na jioni hiyo hiyo hakimu ameshatangazwa kuwa amekula. Hakimu huyo hakuwa na la kufanya zaidi ya alilofanya, maana kuamua nani mmiliki wa shamba si kazi ya mahakama yake.

Kazi hiyo ina ngazi zake, zilizowekwa na sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya mwaka 2002: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mwaka 2021 ngazi hizo zilirekebishwa. Baraza la Kata, lililokuwa likiamua migogoro ya ardhi ya thamani isiyozidi shilingi milioni 3, liliondolewa uwezo wa kuamua, likabaki na usuluhishi. Sasa unapeleka mgogoro Kata, wazee wanajaribu kuwapatanisha, wakishindwa wanakupa hati ya kusema wameshindwa, nawe unakwenda Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inakuruhusu uende hata bila hati hiyo. Lakini ukiiruka Kata moja kwa moja, shauri lako litaondolewa. Na ukikabidhiwa leo karatasi ya Kata iliyoandikwa "hukumu" ya shamba, umepewa karatasi ya kufungia ugoro.

Kuna pia suala la nani anayegonga. Kijana wa Endasak anadai shamba la marehemu baba yake. Kila mtu kitongojini anajua ni mtoto wa nani. Lakini kama hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, hana miguu ya kusimama barazani kudai mali ya marehemu, na shauri litafutwa bila hata shahidi mmoja kusikilizwa. Uteuzi huo huanza kwa kikao cha ukoo chenye muhtasari na hupatikana Mahakama ya Mwanzo, ileile tuliyoikimbilia kwa jambo lisilo lake na kuikwepa kwa jambo lililo lake. Anayegombana na kijiji chenyewe au na halmashauri ana safari nyingine: notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu.

Siku nazo hazina huruma. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni 30 nyingine. Kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni 45. Ukichelewa utaomba kuongezewa muda, na Mahakama ya Rufani ilishasema katika maombi ya Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo kwamba kila siku ya ucheleweshaji itolewe maelezo, hata ikiwa moja. "Nilikuwa navuna" hayatoshi. "Barabara ya Yaeda Chini ilikatika" huenda yakatosha, ukileta ushahidi. Na kudai ardhi yenyewe kuna ukomo wa miaka 12. Aliyeingia shambani kwako bila ruhusa, nawe ukanyamaza kwa aibu ya undugu hadi miaka hiyo ikaisha, usije ukasema pesa ndiyo iliyomlinda.

Ushahidi ndiyo sehemu tunayojidanganya zaidi. Mtu hukodi gari, akajaza mashahidi ishirini, akaamini wingi utamtisha hakimu. Sheria ya Ushahidi haitaji idadi. Mwaka 1984, katika Hemed Said dhidi ya Mohamed Mbilu, Mahakama Kuu ilieleza kwamba kinachopimwa ni uzito wa ushahidi, si hesabu ya vichwa. Mzee mmoja aliyekuwepo siku mpaka unawekwa, akautaja mti na akamtaja aliyeshika jembe, anawazidi kumi na tisa waliosimuliwa. Mlioazimana shamba bila maandishi mtafuteni mzee huyo angali hai, kwa sababu aliyekaribishwa hawezi kuhesabu miaka 12 akajimilikisha, ila ni wewe utakayethibitisha kwamba ulimkaribisha.

Asiyeniamini asome historia ya Hanang yenyewe. Katika miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu kwa msaada wa Kanada. Yalipokamilika yalifikia ekari 100,000 hivi, kwenye ardhi waliyoichungia Wabarabaig. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na watu 67 walikwenda Mahakama Kuu Arusha mwaka 1981 wakalishtaki shirika hilo la umma, lenye matrekta, mawakili na baraka za dola. Wakashinda, wakapewa fidia. Wafugaji na wakulima wa Hanang waliishinda NAFCO. Hebu mwenye msemo wake aeleze pesa ilikuwa wapi siku hiyo.

NAFCO ikakata rufaa, na katika rufaa hiyo ya mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza ushindi. Kijiji, ilisema, hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile na Baraza la Maendeleo la Wilaya kama taratibu za wakati ule zilivyotaka. Na watu mmoja mmoja hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kwa mkoloni. Mtu aliyezikwa babu zake kwenye tambarare ile alitakiwa athibitishe uenyeji wake! Jambo hilo linatia uchungu hadi leo, na lina funzo gumu: kile ambacho kila mtu anakijua ndicho kinachosahaulika kuthibitishwa. Jaji hakukulia Basotu. Anajua kilichosemwa chini ya kiapo na kilichopokelewa kama kielelezo, basi.

Mpinzani wangu atasema hapo hapo nimejifunga, maana mwisho wa yote mkubwa alishinda. Kweli. Mwaka 1987 serikali ilitoa Tangazo namba 88 la kufuta haki za kimila kwenye eneo la mashamba yale ya ngano, na malalamiko ya Wabarabaig yakawa mazito kiasi cha kuundiwa tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga mwaka 1993. Lakini tazama mkubwa alichokitumia: rufaa, na tangazo lililochapishwa. Yeye aliamini taratibu zina nguvu, akazitumia. Mnyonge anaambiwa na msemo wake mwenyewe kwamba hazina nguvu, akaziacha.

Sijasema rushwa haipo. Ipo, na anayeombwa chochote aende TAKUKURU badala ya kwenda kusimulia kilabuni. Umaskini nao unauma mahakamani: nauli ya kila tarehe, shahidi wa kulishwa, siku za kazi zinazopotea kesi ikiahirishwa. Hata hivyo kumbukeni kwamba kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kabisa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Mlango ulifunguliwa mwaka 2021, tena pale tu anapoketi hakimu mkazi. Kwa miaka yote hiyo tajiri aliingia pale akiwa peke yake kama wewe, akajieleza kwa Kiswahili kama wewe, na msemo ulikuwa uleule. Na rushwa inayotolewa dhidi ya mtu aliyekwisha kuiharibu kesi yake mwenyewe ni hasara kwa mtoaji.

Sehemu ya lawama hii si ya mwananchi. Kuna mabaraza yanayovuruga kesi yenyewe: katika Tubone Mwambeta dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo mzima wa Baraza la Wilaya kwa sababu maoni ya wazee wa baraza hayakutolewa mbele ya wadaawa. Wadaawa hawakukosea lolote, bado wakarudishwa mwanzo. Kuna bibi wa Kidatoga au wa Kiiraqw anayejibu "ndiyo" kwa Kiswahili asichokielewa kwa sababu hakuna aliyemwambia ana haki ya kuomba mkalimani. Na kuna ofisi za vijiji ambazo muhtasari wa mkutano mkuu uliogawa ardhi hupatikana kwa kubembeleza, kama vile ni mali ya mtendaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi; asiyeweza kuonesha idhini hiyo ana shamba mkononi na shimo kwenye ushahidi. Nakala ihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 lilibeba nyumba na vilivyomo.

Makosa hayo ya ofisi yana dawa, na dawa zote zinaanza na mtu anayejua kilichokosewa: alalamike wapi, akate rufaa kwa hoja ipi, ndani ya siku ngapi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao ni kukueleza haya bila malipo, wakati kishoka anayekaa nje ya mahakama anakutoza fedha kukuandikia malalamiko ya mlango usio wako. Hukumu za Mahakama Kuu ya Babati zimo mtandaoni, TanzLII, bure. Mwenye kijana mwenye simu amwambie azifungue, wahesabu wenyewe ni ngapi zinazozungumzia muda, mamlaka, usimamizi wa mirathi na wazee wa baraza.

Msemo wa mwenye pesa unamfaa nani, basi? Unamfaa aliyeshindwa, maana unamwondolea aibu. Unamfaa kishoka, maana anauza njia za mkato kwa watu walioambiwa njia ya kawaida haipo. Zaidi ya wote unamfaa huyo huyo mwenye pesa: jirani yake haendi tarehe ya kesi, hakati rufaa, hatunzi muhtasari, na shauri linaamuliwa la upande mmoja. Amelipata shamba bila kutoa hata mbuzi.