KONA YA IMANI NYUMBANI: Njaa Si Mfungo

Mwezi huu tuzungumze juu ya kufunga.

Najua wengine mtasema, "Ala! Kufunga tena? Na chakula chenyewe kiko wapi?" Swali hilo ni la haki. Mama mmoja aliniuliza waziwazi baada ya ibada: "Mwalimu, sisi nyumbani tunakula mara moja kwa siku. Huo si mfungo tayari? Mbona kanisa linatangaza mwingine?" Nilimwomba anipe siku chache nifikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri, nawaletea na ninyi.

Hali yenyewe tunaijua sote. Mwaka 2020 WFP ilipunguza mgao wa wakimbizi hapa Uganda hadi asilimia 70 ya kipimo kamili. Mwaka 2021 ukashuka tena hadi asilimia 60. Mwaka 2023 familia zikapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025, pesa za wafadhili zilipokauka, watu wapatao milioni moja wakaondolewa kwenye orodha ya chakula. Kwa hiyo mtu anayehubiri kufunga kambini bila kutazama sufuria za watu, huyo anahubiri na macho yamefungwa.

Jibu langu ni hili: njaa si mfungo. Njaa inakuja yenyewe, haikuulizi. Mfungo unauchagua wewe. Mama aliyekosa unga hajafunga, amekosa unga, na mbele za Mungu jambo hilo ni kilio, halihesabiwi kuwa ibada. Tusimwambie mwenye njaa, "Vumilia, huo ni mfungo wako." Maneno hayo ni matamu kwa anayeyasema, lakini ni machungu kwa anayeyasikia.

Mkumbukeni nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikuwa mkimbizi kama sisi, anakimbia asiuawe na Yezebeli. Alifika jangwani amechoka kabisa, akalala chini ya mti, akaomba afe. Je, Mungu alimwamuru afunge na kuomba usiku kucha? Hapana. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 bila chakula. Kwanza mkate na usingizi, halafu safari. Kama wewe leo uko kama Eliya chini ya ule mti, nidhamu yako ya kiroho ni kula ukipata, kulala, na kumwambia Mungu ukweli. Usione aibu.

Sasa kwa nini tufunge?

Jamani, hapa kambini mambo mengi tunaamuliwa na wengine. Kiwanja tulipimiwa. Siku ya mgao tunatangaziwa. Jina lako liwepo kwenye orodha au lisiwepo, wewe hukuulizwa. Mtu akikaa hivyo miaka mingi, moyo unazoea kupokea tu na kungoja. Mimi naona kufunga ni kati ya mambo machache ambayo hakuna ofisi inayonipangia. Nikisema, "Ijumaa hii mchana sitakula, nitaomba," nimeamua mwenyewe. Hata kama ni saa sita tu, ni zangu na Mungu wangu. Nikimaliza najisikia mtu mzima, mwenye kauli katika nyumba yake mwenyewe.

Lakini nabii Isaya, sura ya 58, anatuonya. Watu walikuwa wanafunga huku wanagombana na kuwanyonya wafanyakazi wao, halafu wanashangaa Mungu hasikii. Mungu akawajibu kwamba mfungo anaoupenda ni kuwafungua walioonewa, kugawana chakula na mwenye njaa, na kumwingiza nyumbani maskini asiye na makao. Someni sura hiyo na watoto jioni moja. Sisi tuliofika hapa bila makao tunaielewa kuliko wengi.

Wakristo wa kwanza waliishika sana. Kuna kitabu cha zamani kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2. Humo Mkristo anafundishwa hivi: siku unayofunga, hesabu gharama ya chakula ambacho ungekula, kisha umpe mjane, yatima au mwenye shida. Yaani tumbo moja likifunga, jingine lishibe.

Nyumbani kwetu tunafanya hivyo kwa kikombe. Siku ya mfungo, sehemu yangu ya unga au maharage ya mchana inapimwa kikombeni na kupelekwa kwa jirani ambaye jiko lake halijawaka. Ni kikombe kimoja tu, lakini mtoto anayekibeba anajifunza kwamba hata sisi tunaopewa tunaweza kutoa. Na angalieni vizuri: kinachopimwa ni sehemu yangu mtu mzima. Chungu cha watoto hakiguswi.

Nani asifunge?

Hapa naomba msome polepole, kwa maana ni jambo la uhai.

Wasifunge chakula: watoto, mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, wazee waliodhoofika, wagonjwa, na yeyote anayemeza dawa kila siku. Dawa za ARV na za kifua kikuu humezwa kila siku bila kuruka. Mwenye kisukari asijaribu kabla ya kuongea na mganga wa kituo cha afya. Na yeyote anayefunga chakula aendelee kunywa maji, hasa kipindi cha jua kali.

Sheria hii haikutungwa na mtu asiye na imani. Kanisa Katoliki linawadai kufunga watu wa miaka 18 hadi 59 tu, nalo linadai siku mbili kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Hata siku hizo linaruhusu mlo mmoja kamili na viwili vidogo. Jirani zetu Waislamu nao, katika Ramadhani, mgonjwa na msafiri wanaruhusiwa kula na kulipa siku hizo baadaye. Dini za zamani zimejifunza kwamba mwili ni amana.

Tena tuna fundisho la karibu, lenye machozi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi huko Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri mmoja, watoto wengi wakiwemo. Wanasema waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri huyo alishtakiwa mahakamani. Waliokufa walikuwa watu kama sisi, wanaompenda Mungu na waliochoka na dunia. Ndiyo maana nasema: mtumishi akikuambia uache dawa, au uwanyime watoto chakula, au uwatoe shuleni, au jambo fulani lisijulikane na jamaa zako, ondoka hapo. Mwambie mzee wa kanisa, mwambie kiongozi wa kijiji, nenda polisi. Hujamkosea Mungu.

Mfungo wa mdomo na wa moyo

Asiyeweza kufunga chakula asidhani ameachwa nje. Kuna mfungo wa kwete na waragi, na pesa yake inanunua sabuni na daftari. Kuna mfungo wa simu: saa moja jioni inazimwa, watu wa nyumba wanatazamana usoni. Kuna mfungo wa mdomo, huo ndio mgumu siku ya mgao, jua limewaka, foleni haisogei, na kila mtu ana habari ya mwenzake. Mimi pale bombani, nikingoja zamu ya jerikeni yangu, huwa najaribu kunyamaza mpaka ijae. Nikinyamaza, nawaombea walio mbele yangu mmoja mmoja kwa majina. Ni dakika chache, na zimenifundisha majina mengi.

Ila kuna mfungo unaoshinda yote, wa kujinyima kisasi. Sisi tuliovuka mpaka tuna watu ambao tukiwakumbuka, hata chakula hakishuki. Juu ya hili nawaletea habari ya Askofu Festo Kivengere, Mganda wa Kigezi, mtu wa uamsho wa Balokole. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere na mke wake Mera wakakimbia kwa miguu milimani mpaka Rwanda. Wakawa wakimbizi. Baadaye mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni "Nampenda Idi Amin". Hakusema kwamba maovu yalikuwa mema. Alieleza jinsi uchungu ulivyokuwa unaula moyo wake mwenyewe, akaona hawezi kuhubiri msalaba na huku ameukumbatia.

Habari hii inatugusa hapa, kwa kuwa Amin ni wa Wakakwa, watu wa Koboko hii inayotutunza. Alipoangushwa mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile, hata wasiomjua. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, wengine wakakaa huko miaka. Wazee wenyeji wetu ni watu waliolala kwenye nyumba za wenzao ng'ambo ya mpaka kabla sisi hatujaja kulala kwao. Kisasi hakichagui mwenye kosa. Ndiyo sababu nasema kujinyima kisasi ni mfungo unaookoa watu wengi, hata watoto ambao bado hawajazaliwa.

Kusamehe si kunyamazia uovu. Mwenye ushahidi aupeleke panapohusika. Na ikiwa moyo wako bado hauwezi, usilazimishwe na mtu. Mwambie Mungu, "Bado siwezi," na hilo nalo ni sala.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu

1. Kaeni pamoja jioni moja, mkubaliane kila mtu atajinyima nini, siku gani, saa ngapi. Watoto wajichagulie kitu kisicho chakula, kwa mfano neno la matusi.

2. Watu wazima wenye afya wanaweza kuacha mlo mmoja kwa wiki. Pimeni kikombe, mkipeleke. Msitangaze. Oga, chana nywele, nenda kazini kwako kama siku zote. Yesu alifundisha hivyo katika Mathayo 6.

3. Siku ambayo hakuna chakula kabisa, msiite mfungo. Iteni njaa, mwombeni Mungu, na mwambieni jirani. Kukaa na njaa kimya kwa sababu ya aibu si utakatifu.

4. Kabla ya kulala, kila mmoja aseme jambo moja la kushukuru la siku hiyo.

Yule mama nilimpelekea jibu langu nikiwa na kikombe mkononi. Wenye maswali au ushuhuda andikeni kwenye karatasi mumpe mzee wa kanisa lenu, tutasoma wote. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya siku ya kupumzika: mtu asiye na kazi anapumzika kutoka kwa nini?

Kaeni salama, na Mungu azilinde nyumba zenu. Amina.