MFUPA WA KUTENGENEZWA SI ANASA

Wako wasemao kwamba kupandikiza jino ni urembo wa matajiri. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyevunjwa taya kwa risasi au kwa ajali ya pikipiki hatafuti urembo. Ataka kutafuna chakula chake na kusema akaeleweka.

Mzizi wa titani hushikamana na mfupa, kama alivyogundua Mswidi Per-Ingvar Brånemark mwaka 1952. Lakini jino likisha kutoka, mfupa wa taya hupungua, na mzizi uliopandwa penye mfupa haba hulegea. Ndipo daktari hutia chembechembe za kalsiamu fosfeti, au za kioo maalumu. Hizo si mfupa hai, ni kiunzi tu. Damu hupenya kati yake, mwili hujenga mfupa wake, na kiunzi huyeyuka polepole. Kazi hiyo yataka miezi.

Ikumbukwe kwamba kioo hicho kilitokana na swali la askari. Mwaka 1967 kanali mmoja wa jeshi la Marekani alimwuliza mtaalamu Larry Hench kama chaweza kupatikana kitu ambacho mwili wa majeruhi wa Vietnam hautakikataa. Mwaka 1969 Hench akakitengeneza.

Basi kilichoanza kwa ajili ya majeruhi kisiishie kwa wenye fedha. Hospitali za umma hazina budi kukiweka katika bajeti zao. Wagonjwa nao waache sigara, wasafishe vinywa, wala wasimharakishe daktari. Subira yavuta heri.