Kufunga Dirisha Si Kuzima Taa

Siku hizi ukipita karibu na maabara ya kompyuta saa za michezo utasikia kilio kile kile: ati mashine mpya ni mbovu, ati hazifungi vitu. (Mlezi wa chama hupenda tuseme tarakilishi. Leo anisamehe.) Mimi sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo.

Wengi wetu tulianzia kwenye Windows. Humo, alama ya X iko juu, pembe ya kulia, na ukiibonyeza kwenye dirisha la mwisho, programu nayo kwa kawaida huenda zake. Mazoea hayo yametuzidi umri, kwani X hiyo ilikaa pembeni pale tangu Windows 95, mwaka wa 1995. Hata hivyo, Windows yenyewe imewahi kuwatesa watu. Ilipotoka Windows 8 mwaka wa 2012, programu zake za mtindo mpya hazikuonyesha X yoyote. Ulizishika kwa juu ukaziburuta hadi chini ya skrini. Watu walilalamika, na mwaka wa 2014 X ikarudishwa.

Sasa, mashine 12 tulizopewa msaada ni za Mac, na kila nyumba ina desturi yake. Kitone chekundu kiko kushoto, na aghalabu kazi yake ni kufunga dirisha tu. Programu inabaki. Unadhani umemaliza, kumbe umerudisha mlango na taa umeiacha ikiwaka! Tazama chini, pale picha za programu zilipopangwa: yenye kidoa chini yake bado iko kazini. Tangu Macintosh ya kwanza mwaka wa 1984, menyu hukaa juu kabisa ya skrini, si ndani ya dirisha. Ndiyo maana programu inaweza kukaa bila dirisha lolote, ikikungoja ufungue kazi nyingine. Huo ni mpango, si ubovu. Lakini nakiri kuna kinachochanganya: baadhi ya programu huondoka zenyewe dirisha likifungwa, nyingine haziondoki.

Basi kufikia kipindi cha nne, mashine hizi, ambazo si changa, zimebeba programu kumi na zaidi na zinatambaa kama konokono. Mwenye hasira anabana kitufe cha umeme mpaka mashine izime, na kazi ambayo mwenzake hajaihifadhi inapotea. Kidato cha Nne wana mradi wa KCSE, hawana mchezo. Ndipo likabandikwa tangazo mlangoni kwamba Gredi ya 10 wasiguse mashine hadi muhula wa tatu.

Hapo nasema la. Sisi ni wa kutwa. Jioni kila mtu anakimbilia matatu, na nyumbani kwa wengi hakuna kompyuta. Saiba nayo inataka pesa. Ukimnyima mtoto wa Gredi ya 10 zile dakika 40 za wiki, umemnyima zote. Na kwa nini aadhibiwe yeye? Mbona Kidato cha Tatu, darasa langu mwenyewe, tunaacha programu wazi vile vile na hatujafungiwa? Tena hao wadogo wamezoea simu, ambapo ukirudi kwenye skrini ya mwanzo programu hujificha tu nyuma. Jambo hili watalielewa upesi kutushinda.

Mimi naona kosa moja liko katika lugha yetu. Dirisha tunasema funga, programu pia tunasema funga. Mwalimu akiagiza, "Fungeni kila kitu," kila mtu anabonyeza kitone chekundu na kubeba mkoba. Napendekeza tuseme hivi: dirisha tulifunge, programu tuizime. Command na W, umefunga. Command na Q, umezima. Mlezi akiwa na neno bora zaidi ya zima, alilete, tutamshukuru.

Kipindi kimoja cha kuwafunza Gredi ya 10 kinatosha, tangazo lile libanduliwe, na kila mashine iwekewe kadi yenye maneno hayo mawili. Manila moja inatoa kadi zote 12. Kalamu nzito ninazo.