Lugha Ndogo? Muulizeni Jon Fosse

Kuna hoja moja nimechoka kuisikia. Nimeisikia chuoni, nimeisikia kwenye uzinduzi wa vitabu, na juzi juzi nimeisikia tena chumba cha habari kutoka kwa mhariri mmoja ninayemheshimu sana. Eti, kijana, kama unataka kuandika riwaya ya maana andika kwa Kiingereza, Kiswahili kitakuishia Tunduma.

Sikumjibu. Bosi ni bosi. Ila hapa ni nyumbani kwangu, kwa hiyo nitajibu, na shahidi wangu ni mzee mmoja wa Norwei mwenye mvi alizozifunga mkia kisogoni. Anaitwa Jon Fosse.

Tarehe 5 Oktoba 2023 Fosse alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka ule tuzo hiyo ilikuwa na kitita cha kroni milioni 11 za Uswidi. Magazeti mengi yaliandika "mwandishi kutoka Norwei" yakaweka nukta. Jamani, pale walipoweka nukta ndipo habari ilipokuwa inaanza! Kinorwei kina namna mbili rasmi za kukiandika. Kuna Bokmål, inayotumiwa na walio wengi, na kuna Nynorsk, inayotumiwa na kama asilimia 10 hadi 15 ya watu, wengi wao wa vijiji na miji midogo ya magharibi. Fosse anaandika Nynorsk. Wanorwei watatu waliopata Nobel ya Fasihi kabla yake, yaani Bjørnson mwaka 1903, Hamsun 1920 na Undset 1928, hakuna hata mmoja aliyeandika kwa Nynorsk.

Sasa piga hesabu nami. Norwei nzima ina watu kama milioni 5.5. Wanaoandika Nynorsk hawafiki milioni moja. Sensa yetu ya 2022 iliwakuta watu milioni 5.38 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake, maana yake taifa zima la Norwei unaweza kukaribia kulipanga kati ya Bunju na Chanika. Na Kiswahili, UNESCO wenyewe wanasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Halafu mtu anakaa mbele yangu na kikombe chake cha chai ananiambia lugha yetu ni ndogo. Ndogo kuliko nini?

Tumtazame kwanza huyu mzee, maana wapo watakaosema ni mtoto wa wakubwa. Alizaliwa Haugesund tarehe 29 Septemba 1959, akakulia Strandebarm, kijiji kilicho kando ya ghuba ndefu ya Hardanger, sehemu ya milima, mvua na mashua. Akiwa na miaka saba aliteleza kwenye barafu akiwa na chupa mkononi, ikamkata mshipa, nusura afe. Ujana wake alitaka gitaa. Akasoma fasihi Chuo Kikuu cha Bergen, na hapa waandishi wenzangu mnisikilize vizuri, akafanya kazi katika Gula Tidend, gazeti la Bergen lililoandikwa kwa Nynorsk. Riwaya yake ya kwanza, Raudt, svart, ilitoka mwaka 1983.

Katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 2023, alisimulia jinsi mwalimu alivyomwambia asome kwa sauti darasani, hofu ikamvaa ghafla hadi akatoka mbio. Anasema hofu ilimnyang'anya lugha, akaenda kujitafutia ya kwake kwenye kuandika. Hofu yake haikutokana na Nynorsk, sitaki kumwekea maneno mdomoni. Lakini niliposoma hotuba ile nilikumbuka kibao cha mbao tulichovalishwa shingoni katika shule niliyosoma, ukikamatwa unaongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili. Kibao kilizunguka kutoka shingo hadi shingo mpaka jioni. Tunajua wenyewe kilichokuwa kinanyang'anywa pale.

Turudi kwake. Vitabu vyake vya mwanzo wahakiki walivisema vibaya. Akaamua kutowasikiliza, na baadaye sifa zilipokuja akaamua kutozisikiliza nazo. Tamthilia hakuzitaka kabisa. Aliombwa zaidi ya mara moja akakataa, mpaka siku alipokuwa hana hela, mtu akampa kazi ya kulipwa aandike mwanzo tu wa tamthilia. Akaanza, akashindwa kuacha, akaimaliza yote. Ndiyo Nokon kjem til å komme, yaani "Mtu Atakuja". Mwanamume na mwanamke wananunua nyumba ya zamani kando ya bahari ili wawe wawili tu, halafu wanaanza kuogopa kwamba kuna mtu atakuja. Na kweli anakuja. Basi, hiyo ndiyo hadithi nzima! Hakuna mwizi wala polisi, majina ya wahusika hayasemwi, maneno ni machache yanayorudi na kurudi kama mawimbi, na katikati yake kuna kimya. Mwaka 1999 mwongozaji Mfaransa Claude Régy aliipeleka jukwaani Nanterre, nje kidogo ya Paris, na Ulaya ikageuza shingo. Tangu hapo tamthilia zake zimechezwa kwa lugha zaidi ya 40.

Na hakukaa kwenye tamthilia. Ana riwaya, mashairi, insha, vitabu vya watoto, na amemtafsiri hata Franz Kafka kwa Nynorsk. Septologien, iliyotoka kati ya 2019 na 2021, ni sehemu saba katika vitabu vitatu. Mchoraji mzee aliyefiwa na mkewe, Asle, anafikiri, anaendesha gari kwenye theluji, anasali, na kuna Asle mwingine anayekufa kwa pombe mjini. Kurasa mamia, hakuna nukta. Fosse mwenyewe aliacha pombe mwaka 2012, akaingia Kanisa Katoliki, na ukisoma unaona kabisa mwandishi anajua anachokisema. Nilidhani ingenishinda. Ilinichukua siku tisa kwenye daladala.

Haya, sasa hoja yenyewe. Mtu mvivu atasema: Fosse ni kipaji, kipaji hakizuiliki, angeandika hata kwa ishara za moshi angeshinda. Huo ni uongo mtamu. Nyuma ya kipaji hicho kuna karibu miaka 180 ya watu kufanya kazi.

Norwei ilikaa chini ya Denmark kwa zaidi ya miaka 400, hadi 1814, na lugha ya kuandikia ikawa Kidenmark. Serikali, kanisa, shule, mahakama, vyote kwa lugha ya mtawala, huku wakulima wakiongea lahaja zao mabondeni. Kuna mtu hajaielewa picha hiyo? Akatokea kijana wa shambani aliyejisomesha mwenyewe, Ivar Aasen. Kuanzia mwaka 1842 alizunguka nchi akikusanya lahaja za watu wa kawaida, akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850, na kutoka humo ikasimama lugha ya kuandikia iliyokuja kuitwa Nynorsk. Mwaka 1868 likaanzishwa shirika la kuchapisha vitabu vyake, Det Norske Samlaget, ambalo mpaka leo ndilo mchapishaji wa Fosse. Mwaka 1885 Bunge likaipa lugha hiyo hadhi sawa na ile nyingine. Mwaka 1913 Det Norske Teatret, ukumbi wa maigizo kwa lugha hiyo, ulipoanza maonyesho katika mji mkuu, vijana wa mjini walifanya fujo ukumbini wakizomea lugha ya washamba. Ukumbi haukufungwa, upo mpaka leo. Kisha wakaja watu kama Tarjei Vesaas na riwaya zake, na Olav H. Hauge, mkulima wa matunda huko huko Hardanger aliyeandika mashairi. Fosse hakuokota lugha njiani, alikuta nyumba imejengwa na taa inawaka.

Najua mnachotaka kusema. Mafuta! Norwei ni matajiri, wana mafuta, wanaweza kuchezea hela kwenye ushairi. Nimesikia. Ila tazameni tarehe. Mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa mwishoni mwa mwaka 1969. Aasen alitembea miaka zaidi ya 120 kabla yake, katika nchi maskini kiasi kwamba ndani ya karne moja watu kama laki nane waliikimbia kwenda Marekani. Sarufi, kamusi, sheria ya 1885, ukumbi wa 1913, vyote vilikuja kabla ya tone la kwanza la mafuta. Hata ule mpango wa serikali kununua mamia ya nakala za kila riwaya mpya inayokidhi viwango na kuzisambaza maktaba ulianza mwaka 1965. Mafuta yalikuta uamuzi umeshafanyika.

Hoja ya pili ina nguvu kidogo, naikubali: anayesoma Bokmål anaweza kusoma Nynorsk, na hata Mdenmark na Mswidi wakijitahidi wanaelewa, kwa hiyo Fosse hakuwa kisiwani. Sawa. Lakini wanaoidharau Nynorsk wana jina lao la kuitukana, spynorsk, yaani Kinorwei cha matapishi. Kwa mtu aliyetaka soko, njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake, na tofauti na sisi hakuhitaji hata kujifunza lugha ya mbali. Hakuifuata.

Na Paris walimsoma vipi? Hapa ndipo ninapogombana na kambi ya pili, ile yetu ya wapenda Kiswahili. Tunaopiga makofi kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa vitenge, tunasoma mashairi, halafu tunarudi nyumbani tukisubiri dunia ije kutugongea mlango. Haiji, bwana! Norwei ina shirika linaloitwa NORLA, tangu mwaka 1978, ambalo kazi yake ni kulipa ruzuku ili vitabu vyao vitafsiriwe. Damion Searls, Mmarekani anayemtafsiri Fosse kwa Kiingereza, alimsoma kwanza kwa Kijerumani, kisha akajifunza Kinorwei ili amtafsiri. Kitabu cha kwanza cha Septologien kilitoka kwa Kinorwei mwaka 2019, na kwa Kiingereza mwaka huo huo wa 2019.

Linganisheni na nyumbani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Nobel mwaka 2021. Simlaumu kwa kuandika Kiingereza, aliondoka kijana baada ya mapinduzi na maisha yake ya uandishi yalikuwa Uingereza. Lakini Paradise, riwaya inayotuhusu sisi kuanzia pwani hadi bara, ilitoka mwaka 1994. Kiswahili chake, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, kilitoka mwaka 2022. Miaka 28! Ilibidi kwanza Wazungu wa Stockholm watuonyeshe mtoto wetu kwa kidole.

Upande wa pili tunaye Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020. Huyu alikuwa na kiingereza cha kutosha, alifundisha vyuo vikuu, angeweza kuhamia huko muda wowote. Akaandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, kwa Kiswahili, vitabu vyembamba vya ajabu ambavyo nikivisoma kando ya Fosse sioni lugha ikipungukiwa na chochote. Kilichopungua ni kila kitu kinachoizunguka: wahariri wa riwaya, kumbi za maigizo zenye ratiba ya mwaka mzima, maktaba zenye hela ya kununua kitabu kipya, watafsiri wanaolipwa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ni jambo jema na nimelishangilia. Ila tuzo humkuta mtu akiwa ameshamaliza kuandika. Kabla hajamaliza alikuwa anakula nini?

Norwei walilitafakari hata hilo. Tangu mwaka 2011 Fosse ana haki ya kuishi Grotten, nyumba ya heshima ya dola iliyo pembeni ya kasri la mfalme mjini Oslo, anayopewa msanii. Mimi siombi kasri. Ninawafahamu waandishi wanne wa Kiswahili wa rika langu, wawili wanafundisha tuisheni, mmoja ni wakala wa pesa kwa simu, na mmoja anaandika matangazo ya sabuni. Yule Mnorwei aligeuka mtunzi wa tamthilia kwa sababu alikuwa hana hela na mtu akamlipa aandike onyesho la kwanza. Hapa Dar mtu wa namna hiyo ni nani? Kama yupo, anitafute, namba za wale wanne ninazo.