Charahani Si Adhabu ya Aliyefeli

Wiki hii tuliahidi kuzungumza juu ya vitambaa vya bi harusi wa miezi ya baridi, maana mmetuuliza sana, lakini vitasubiri. Mwezi wa Januari kuna mama aliingia dukani kwetu Makambako akalia mbele ya meza ya kukatia, na tangu siku hiyo jambo lake limetukaa kooni.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: tukisema sisi, tuko wawili. Mmoja kazaliwa Unguja akaolewa bara, mwengine ni wifi yake, mzaliwa wa huku huku Njombe. Mmoja anasema skuli na charahani, mwengine shule na cherehani, na wateja wameshazoea. Tunashona mavazi ya stara, sare za wanafunzi, na magauni ya harusi tukipata riziki hiyo. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapita hapa, ya Njombe na Songea inaanzia hapa, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Mbao, viazi na parachichi vyote vinapita, na ikifika Januari wanapita wazazi wenye orodha ya mahitaji ya skuli mkononi.

Huyo mama alitusalimia "kamwene", akatoa orodha yake: sketi mbili za marinda, mashati mawili, mitandio miwili mieupe, sweta. Binti anaingia kidato cha kwanza. Tukamuuliza skuli gani. Hapo ndipo machozi yalipoanza.

"Wamempanga amali, dada zangu. Ushonaji. Mwanangu hakufeli darasa la saba, alifaulu! Sasa kwa nini wanamfanya fundi?"

Aliyasema hayo mbele ya mafundi wawili na charahani nne. Wala hakukusudia kututukana, na ndiyo maana liliuma.

Liliuma kwa sababu si geni masikioni mwetu. Yule wa Unguja, matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka na alama hazikutosha, mjomba alisema neno moja tu: "Basi akajifunze charahani, asikae bure." Nyumba nzima ikanyamaza kama kuna msiba. Akaenda chuoni akijiona amebeba aibu ya ukoo. Mwezi wa kwanza hakuruhusiwa hata kukanyaga charahani, alikuwa akikata magazeti tu: kifua, kiuno, nyonga, gawa kwa nne, ongeza ya mshono. Hisabati iliyomshinda miaka minne skuli ikamwingia kwenye gazeti la kukata, kwa sababu hapo ukikosea robo inchi unaiona kwa macho.

Wa Makambako yeye kisa chake ni kingine. Skuli aliyosoma ilikuwa na chumba cha sayansi kimu chenye charahani zilizofunikwa kwa vitambaa, mlango umefungwa kwa kufuli. Miaka minne alipita nje ya dirisha lile. Hapakuwa na mwalimu wa kuzifundishia, na ufunguo haikujulikana uko kwa nani. Akajifunza kushona baadaye kwa kukaa sokoni kwa fundi mmoja mwanamme, akilipa kwa kufagia na kupiga pasi ya mkaa.

Sasa tuseme amali ni nini, maana wazazi wengi wanasikia neno tu. Sisi wa visiwani hatuna sababu ya kulishangaa. Wizara yetu Zanzibar imekuwa ikiitwa ya Elimu na Mafunzo ya Amali kwa miaka, na vituo vya amali tunavijua, Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji. Tanzania Bara imeleta jambo hili ndani ya sekondari yenyewe kupitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024. Sekondari sasa ina njia mbili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mtoto wa amali hasomi sindano peke yake. Anasoma Hisabati, Kiingereza, Historia ya Tanzania na Maadili, na Elimu ya Biashara, kisha fani yake, iwe ushonaji, kilimo, umeme, upishi au nyengine. Anategemewa kutoka na cheti cha kidato cha nne pamoja na cheti cha ujuzi, na njia ya kuendelea na masomo haikufungwa.

Tulimweleza mama yote hayo. Akafuta macho, akauliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake: "Na mwalimu wake, yeye anajua kushona?"

Mashoga zetu, hapo ndipo penyewe. Kelele zote ni za majengo na charahani. Mwalimu hatajwi.

Wiki chache baadaye alikuja dukani mwalimu wa kike, kijana, wa skuli moja nje kidogo ya mji. Alikuja mwenyewe, kwa nauli yake. Kapangiwa kufundisha ushonaji. Nadharia anaijua kutuzidi. Alituelezea aina za nyuzi mpaka tukabaki midomo wazi, lakini ovaloki hajawahi kuigusa, na sketi ya marinda hajawahi kuimaliza kwa muda wa mteja anayesubiri. Alituomba Jumamosi zetu. Hakutaka cheti. Alitaka tu asije akaaibika mbele ya watoto, na tulimpenda kwa hilo.

Serikali inayo mipango ya kuwanoa walimu wakiwa kazini. Upo ule unaoitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana skulini kwao au kwenye vituo vya walimu, wakafundishana na kusaidiana mada ngumu. Ni jambo zuri kwa Hisabati na kwa kusoma na kuandika. Lakini walimu kumi wasiojua kutia zipu ya kujificha wakikaa pamoja mchana kutwa, jioni watakuwa bado ni walimu kumi wasiojua kutia zipu ya kujificha. Kazi ya mikono haigawiki kwa mazungumzo. Morogoro kuna chuo cha kuwafundisha walimu wa ufundi stadi, nacho kinafanya kazi yake, ila kutoka hapa ni safari, na mwalimu mwenye mtoto mchanga na vipindi ishirini haendi Morogoro kila anapokwama.

Rai yetu ni hii. Likizo ya mwezi wa Juni mwalimu wa ushonaji akae wiki mbili kwenye duka la fundi, ahesabiwe kuwa yuko mafunzoni kama wenzake wa MEWAKA, na mwalimu mkuu alijue hilo rasmi. Na fundi naye, siku moja kwa wiki, aingie darasani akae pembeni ya mwalimu. Mwalimu anajua kupanga somo na kumvumilia mtoto mzito. Fundi anajua kwa nini kitambaa cha tetroni hukunjamana begani. Halmashauri ya Mji wa Makambako na ya Njombe hazihitaji kujenga kitu kwa hilo. Zinahitaji kutuandikia barua tu.

Tunajua tutakavyojibiwa: fundi wa mtaani hana cheti cha kufundisha, na si kila mtu wa kuachiwa watoto. La pili ni kweli tupu, wala hatulipingi. Njombe ni mkoa uliolia kwa ajili ya watoto wake mwanzoni mwa 2019, na mzazi wa huku hakubali mtu asiyejulikana karibu na mwanawe. Kwa hiyo fundi akaguliwe, ajulikane kwa jina na kwa mjumbe wake, na asikae na watoto bila mwalimu. Ama la cheti, VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa alichonacho na kupewa cheti chake. Wifi mmoja hapa tumemkalia kooni aende. Anasema anaogopa mtihani. Mwanamke aliyewashonea maharusi hata hawahesabiki, anaogopa mtihani! Ndivyo skuli ilivyotufanya.

Na hizo charahani za skuli zisikae zikishona vitambaa vya mazoezi vya kutupwa. Huku baridi ya Juni na Julai si mchezo, mji wa Njombe uko juu milimani karibu mita 2,000, na mtoto bila sweta anakaa darasani meno yakigongana. Kila mwaka wazazi wananunua sare na masweta yaliyotoka mbali, mengine mshono unaachia kabla ya Pasaka. Ada imefutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, lakini sare bado ni ya mzazi. Darasa la amali lingeshona sare za kidato cha kwanza kijacho kwa bei ya kitambaa na uzi na kidogo cha kununulia sindano, watoto wangejifunza kwa kitu kitakachovaliwa, na mama wa kijijini angepumua. Sisi tungepoteza wateja, ndiyo. Tumeshalizungumza hilo tukihesabu daftari letu, na tumeona tutabaki na maharusi.

Kuna na la michezo, ambalo linatuhusu zaidi sisi wa stara. Kila mwaka ikifika UMITASHUMTA ya skuli za msingi na UMISSETA ya sekondari, wanachaguliwa wasichana wa netiboli na mpira wa mikono, na kila mwaka tunasikia kuhusu binti wa Kiislamu aliyejitoa kwa sababu jezi iliyoletwa ni fulana ya mkono mfupi na kibukta. Waislamu huku ni wachache, mwalimu wa michezo hakukusudia ubaya, hakulifikiria tu. Mwalimu mmoja alipotuletea tatizo hilo tulimshonea binti wake suruali ya kitambaa chepesi cha kunyumbuka, fulana ndefu ya mikono mirefu kwa rangi ile ile ya timu, na ushungi wa kuvaa kichwani mzima mzima usiohitaji pini, maana pini kwenye mpira ni hatari. Kitambaa chake ni cha bei ya chakula cha siku mbili. Binti akacheza. Kazi ya namna hiyo ndiyo ingefaa iwe mtihani wa darasa la ushonaji, badala ya ile aproni yenye mfuko mmoja ambayo kila mwanafunzi anaishona na hakuna anayeivaa.

Nanyi maharusi wetu, msidhani tumewasahau. Mnatuandikia mkiuliza mahari mtaje nini. Haki ni yenu na hatuwapangii. Lakini hapa dukani tumewashonea mabinti waliotaja charahani ya Butterfly pamoja na meza yake, na wengine kitanda na seti ya sahani. Tumewaona wote baada ya miaka mitano. Mwenye charahani, mume akisafiri au akikwama, watoto walikula. Tumefundishwa kwamba chakula bora ni kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi alikula hivyo, na Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara. Tunayasimulia haya kwenye mihadhara, kisha mtoto akipangiwa ushonaji tunalia.

Tena tusifichane. Wapo wazazi wanaofurahia amali kwa sababu mbaya: binti atajua kushona, basi atosheke, aolewe. Binti wa kidato cha kwanza ni mwanafunzi, na sheria ya elimu tangu 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 yenye kuruhusu miaka 15 Mahakama ya Rufani iliipinga mwaka 2019. Hatutashona gauni la harusi la mtoto mwenye madaftari nyumbani. Tumeshakataa oda mbili na tukatukanwa.

Yule mama tulimshonea zile sketi, na mitandio tulimpa bure. Mwezi wa Machi alirudi, binti yupo naye, amebeba mfuko. Ndani mna sketi aliyoishona mwenyewe skulini, marinda yamelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, pindo limepanda kulia. Mama akaitandaza juu ya meza yetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Inarekebishika?"

Wifi aliigeuza, akatazama mshono wa ndani, akamwambia binti avue viatu akae kwenye charahani ya dirishani, ndiyo laini kuliko zote. Walifumua marinda yote. Mama alikaa kwenye benchi mpaka adhana ya laasiri, akiangalia mikono ya mwanawe, wala hakuuliza tena juu ya kufeli. Mwalimu naye sasa anakuja kila Jumamosi saa tatu, na amemleta mwenzake wa skuli ya pili. Wa tatu ametupigia simu, tunatafuta charahani ya tano. Mwenye nayo imelala chini ya kitanda, atuandikie.