Zawadi iliyozuia valizi



Vakansi zinakaribia, na wengi wetu tunangojea wageni kutoka Ulaya. Kila mgeni hupiga simu kabla ya kusafiri na kuuliza: "Niwaletee nini?" Juma hili tunawaeleza namna jibu la swali hilo lilivyotuletea matata nyumbani kwetu.

Mwaka jana shemeji yetu anayekaa Bruxelles alipiga simu. Mtoto wetu wa miaka 12 akaikamata na kusema: "Baba mdogo, niletee bunduki ya hewa, nipige nayo ndege wa kwenye miembe." Sisi tulikuwa tunasonga bukari, tukacheka tu. Hatukusema ndiyo, hatukusema hapana. Shemeji akaona tumekubali.

Akanunua, akaificha katikati ya nguo ndani ya valizi kubwa. Hakumwambia mtu wa kampuni ya ndege. Alifikiri: haina baruti, tena inaenda kwenye mizigo ya chini, nani ataiona? Lakini mashine inayopiga picha mizigo haijui nia ya mtu. Iliona sura ya bunduki. Shemeji akaitwa kwa jina mbele ya abiria wote, akahojiwa, valizi ikabaki. Yeye alifika Kinshasa, kisha Lubumbashi, mikono mitupu. Valizi ilikuja siku sita baadaye, bila bunduki.

Na ndani ya valizi hiyo mlikuwa dawa za presha za nyanya, za miezi mitatu. Zile za zamani zilikuwa zimekwisha. Tulizunguka farmasi baada ya farmasi, na dawa ya aina ileile tuliipata siku ya nne. Siku hizo nyanya alishikwa na kizunguzungu, hakuweza kusimama bila kushikwa mkono. Usiku tulikuwa tunaamka kusikiliza kama anapumua.

Baadaye tuliuliza wenye kujua, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Bunduki ya hewa husukuma risasi ndogo kwa nguvu ya springi, ya hewa iliyobanwa, au ya gesi iliyomo katika chupa ndogo. Risasi yake, mara nyingi ya milimita 4.5, inaweza kutoboa jicho la mtoto. Kwa hiyo si kitu cha kuchezea.

Katika ndege, haiingii kamwe pamoja na abiria. Hata bunduki ya plastiki ya watoto hukamatwa, kwa sababu kwa mbali inafanana na ya kweli. Kwenye mizigo ya chini inaweza kukubaliwa, lakini msafiri aandikie kampuni ya ndege mbele ya kununua tikiti, aitangaze anapotoa mizigo, iwe haina risasi ndani, na ifungwe vizuri katika sanduku lake. Chupa ya gesi ni jambo lingine: gesi iliyobanwa ni mzigo wa hatari, asiipakie bila ruhusa. Na kampuni ikikataa, imekataa.

Tena kuna sheria ya nchi anakofika. Kwetu Kongo tuna sheria ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985. Mtu asilete kitu chenye sura ya bunduki kabla ya kuuliza serikali.

Dawa za mgonjwa zisafiri katika mfuko wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Pawabenki nayo hukaa mkononi. Kwenye mizigo ya chini imekatazwa, kwa kuwa batri yake inaweza kuwaka moto.

Lakini, akina mama, hata kama karatasi zote ziko sawa, tujiulize: mtoto wa kwetu anatembea na kitu hicho barabarani jioni. Askari anayemwona kwa mbali atajuaje kwamba ndani mna hewa tu? Sisi tunaoishi katika nchi iliyoona vita tunajua kwamba askari huyo hatangoja kuuliza.

Valizi ilipofika, mtoto alitazama dawa, akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, ni mimi niliyemgonjesha nyanya?" Tulimwambia hapana. Mtoto kuomba ni kazi yake. Kujibu ni kazi ya wakubwa, na sisi tulicheka tukaendelea kusonga bukari.

Mwaka huu shemeji amepiga simu tena. Tuliacha sufuria, tukakaa chini, tukaandika orodha pamoja na mtoto: mpira wa miguu, pampu yake, na dawa za nyanya mkononi. Nanyi, simu ikilia, fanyeni hivyo.

Mbaki na amani. Tuonane juma lijalo.